Kabuti Lililojaa Sura

Siku ya kwanza Papa Foto alipoingia kwenye banda langu la kushonea alikuwa amebeba blanketi la kijivu. Alilitupa juu ya mashine, akasema anataka nimshonee glavu. Nilicheka. Hapa Baraka, ufukweni mwa ziwa, mtu hutokwa jasho akiwa amekaa kitako, na tangu nijifunze kushona hakuna aliyewahi kuniagiza glavu. Yeye hakucheka. Alininyooshea mkono wa kulia, akashika kidole gumba na cha shahada.

"Ibi bidole mbili ubiache wazi ku kichwa," alisema. "Bingine ufunike byote. Na hapa juu uweke kifuniko kidogo, nikimaliza kupiga nafunika."

"Unaenda wapi, Papa?"

"Juu."

Kwetu neno hilo linatosha. Juu ni milima inayosimama nyuma ya mji, Bibokoboko na vijiji vinavyoizunguka, kwa wafugaji wanaosema Kinyarwanda, wanaoimba nyimbo za Kiprotestanti hadi sauti zikauke. Sisi wa chini tunalima na kuvua. Zamani walishuka na maziwa na jibini, sisi tukapandisha chumvi na ndagala, vile visamaki vya ziwani. Na kila kiangazi, majira ya arusi zao na ubatizo, Papa Foto alipanda kwa miguu, siku nzima ya mwinuko mkali, kwenda kuwapiga picha.

Studio yake ilipakana ukuta kwa ukuta na banda langu, kwa hiyo nilimjua kama mtu anavyomjua jirani anayekohoa upande wa pili wa mbao. Alikuwa mtu wa ziwa, na baridi aliichukia kama anavyochukia mtu deni la mwenzake. Lakini alisema mwanga wa kule juu, saa ile ukungu unapoinuka, hauna mfano. Uso wa mtu hauna jasho, macho hayajifinyi, hata mzee wa miaka themanini anaonekana kama aliyeoshwa upya. Ili apate mwanga huo ilimbidi asimame nje kwenye nyasi zenye umande tangu alfajiri, bila kutikisika. Basi kujikinga na baridi kukawa nusu ya kazi yake, na alikuwa na mengi ya kufundisha juu ya hilo, hata kama hakuna aliyemuuliza.

Karatasi ya mfuko wa simenti aliivaa kati ya fulana na shati, maana upepo haupiti kwenye karatasi. Ndani ya buti aliweka majani makavu ya mgomba, akayabadilisha mchana. Betri za kamera alizifunga kwenye kitambaa na kuziweka kwapani. Betri ikipata baridi inakufa kabla ya bibi arusi hajafika mlangoni, alisema, na bibi arusi hangoji. Mifukoni alitia viazi vilivyochomwa kwenye majivu, kimoja kila upande. Vilimpasha mikono hadi saa tatu, kisha akavila. Akimaliza kupiga hakuingia na kamera kwenye nyumba yenye moto. Aliifunga ndani ya mfuko wa plastiki, akaiacha kwanza barazani, kwa sababu kioo kikitoka kwenye baridi na kuingia kwenye joto kinalia machozi ndani.

"Na muntu ni vile vile," aliniambia mara moja. "Akitoka ku baridi, usimusukume ku moto. Atapasuka."

Alikuwa na mambo yake yanayopingana pia. Ng'ombe aliwaogopa. Aliwahi kupiga picha ya mahari akiwa juu ya ua wa mianzi, ua ukavunjika, akaanguka katikati ya fahali wawili, na familia mbili zilizokuwa zikibishana zikapatana kwa kicheko. Lakini mtu huyo huyo alivuka mito iliyofurika akiwa amejitwika kamera kichwani. Alikuwa Mkatoliki wa kila Jumapili, na wakati wa sala hakufumba macho kamwe. Padri alipomkemea alijibu kwamba Mungu anaona waliofumba, lazima mtu mmoja aone waliobaki. Alikataza watu kutabasamu. "Meno ni ya kula," alisema. Na picha yake mwenyewe hakuwa nayo hata moja, ila ile ya kadi ya kura, ambayo aliigeuza uso chini ndani ya pochi.

Jambo moja lilinishangaza kuliko yote. Hakusahau uso. Mwanamke angeingia studio baada ya miaka sita, naye angesema, "Wewe ulisimama wa tatu kushoto, siku ya ubatizo, ulikuwa na mutoto ku mugongo, na kilemba cha manjano." Majina yalimpotea, hata jina la mkwe wake. Nyuso zilikaa. Tulilichukua kuwa jambo la kuchekesha, tukamletea watu wamjaribu kama anavyojaribiwa mtu mwenye nguvu kuinua gunia.

Kisha mambo ya juu yakaharibika. Siwezi kusema yalianza wapi, kila mtu ana mwanzo wake. Vijiji vilichomwa, vya hawa na vya wale. Ng'ombe waliibwa, wavuvi na wakulima waliuawa njiani, wafugaji waliuawa zizini. Maziwa yaliacha kushuka. Watu wenye bunduki waliongezeka milimani, na hukujua unayekutana naye ni wa nani hadi aseme, na mara nyingine hata akisema.

Papa Foto alikuwa na ubao wa picha mlangoni pa studio, wa kuvutia wateja. Picha kubwa kuliko zote ilikuwa ya arusi moja ya juu: bwana arusi mrefu, suti ya kahawia, nyuma yake ukungu unapasuka. Asubuhi moja tulikuta misumari minne na ubao mtupu mahali pale. Picha nyingine zote zilikuwepo.

"Mwizi gani anaiba picha ya mutu?" nilimuuliza.

Aligusa msumari mmoja wa juu, akaingia ndani.

Baada ya majuma mawili hivi dereva mmoja wa lori alisimama kunywa chai mbele ya banda langu. Alisimulia kwamba kwenye bariyeri moja, kizuizi cha njiani, waliteremshwa abiria wote, na mmoja wa wale wenye bunduki alikuwa na picha iliyokunjwa mara nne. Aliikunjua, akaipitisha mbele ya kila uso. Kulikuwa na kijana mrefu aliyesema yeye ni mtu wa chini, anakwenda kununua dawa ya ng'ombe wa tajiri yake. Waliitazama picha, wakamtazama, wakamvuta kando. Lori likaambiwa liende.

"Picha ya nini?" Papa Foto aliuliza kupitia mbao. Sikujua alikuwa akisikiliza.

"Ya arusi," dereva alisema. "Na ukungu nyuma."

Kijana yule hakuonekana tena.

Siku ile Papa Foto aling'oa ubao. Alifuta kila kitu kwenye mashine yake ndogo ya kutolea picha na kwenye kadi zote za kamera. Lakini katika makasha mawili ya chuma alikuwa na picha za karatasi, mamia, ambazo wenyewe walishindwa kushuka kuzichukua tangu njia zifungwe. Alileta makasha kwangu. Nilidhani anataka kiberiti.

"Uzichome tu, Papa."

"Kuchoma sura ya muntu, mi siwezi. Batu ya kule nyumba zao zimeungua. Kwa bengine, hizi ndizo zimebaki." Alikaa kwenye kiti cha wateja. "Nazirudisha. Lakini zikionekana njiani, ni mi mwenyewe nitakuwa nimebapelekea bale ba bunduki liste ya batu ya kuua."

Ndipo akavua kabuti lake jeusi la kupandia milima, akaligeuza nje ndani.

Nilishona siku nne. Nilifungua bitana, nikazipanga picha kama magamba ya samaki, safu juu ya safu, kifuani, mgongoni, mikononi hadi kwenye viwiko, kila safu nikiizuia kwa mshono mwembamba. Watoto waliobatizwa, mabibi arusi, wachungaji, vikongwe wenye mikongojo. Nilipomaliza kabuti lilisimama karibu lenyewe. Alilivaa, likatoa mlio wa majani makavu. Nikasema mtu mmoja akipita na kabuti la hivyo atashukiwa, lakini mwanamume na mwanamke na mzigo wa nguo za kuuza ni jambo la kawaida. Nilijisikia nikisema hivyo kabla sijaamua kwenda. Mimi ni mjane, watoto wangu ni wakubwa. Na ile picha ya bwana arusi, suti ya kahawia nilikuwa nimeishona mimi.

Tulipanda siku nzima kwa njia za kuzunguka. Usiku tulijibanza kwenye kanisa lisilo na paa. Alfajiri ilipofika niliamka meno yakigongana, nikaanza kukusanya vijiti. Alinishika mkono.

"Hapana moto, Mama Fundi. Moshi inaonekana mbali."

Basi akanifundisha. Usikae chini, weka nyasi kwanza. Mikono kwapani, si mdomoni, pumzi inalowesha. Karatasi ya simenti kifuani, mgongoni zaidi. Tembea hatua ndogo pale pale, kama kuku. "Baridi inaanzia ku bidole, inamalizia ku akili," alisema. "Ukianza kusikia vizuri, kama joto joto, hapo uogope." Nilitembea kama kuku kati ya kuta zilizoungua, nikiomba jua.

Badala ya jua walikuja watu. Walikuwa sita, walitoka ndani ya ukungu mmoja mmoja, bunduki zikielekea chini. Sikujua ni wa upande gani na Papa Foto alikuwa amenionya nisijaribu kujua. Mkubwa wao alikuwa amejifunga kitenge cha mwanamke kichwani kwa ajili ya baridi, na ndala miguuni. Alimtazama Papa Foto kwa muda mrefu.

"We ni Papa Foto wa Baraka."

"Ni mi."

"Uko na aparei ya picha?"

"Iko."

"Utupige."

Papa Foto alitazama angani. Alisema kwa sauti yake ya studio, ile ya kuwapanga wateja, kwamba mwanga bado, wangoje ukungu uinuke. Nilitaka kumziba mdomo. Lakini walingoja! Watu sita wenye bunduki walisimama kwenye mstari, wafupi mbele, warefu nyuma, wakitetemeka, kwa sababu aliwaambia hivyo. Alitoa betri kwapani, akaitia kwenye kamera. Dakika zikapita. Mkubwa alipuliza vidole vyake, akalitazama kabuti.

"Papa, leta iyo kabuti. Nivae ku picha."

Mkono wa Papa Foto ulikuwa tayari kwenye kifungo. Akilivua, mlio ule ungesikika. Likishikwa na mtu mwingine, angeuliza limejaa nini.

"Usiiguse, Kamanda," nilisema. "Ni ya marehemu. Tunaipelekea mujane yake. Bado haijaoshwa na dawa."

Mkono wa yule mtu ulirudi nyuma kidogo.

"Na ule muzee, mbona ameivaa?"

"Ni yeye alimuzika," nikasema. "Ilibidi mwenye kuzika aivae mpaka ifike."

Hakuna desturi kama hiyo, si kwetu wala si kwao. Lakini kila mmoja wao alikuwa amezika mtu au amekosa kumzika, na hakuna aliyetaka kuuliza zaidi. Mkubwa alitema mate kando.

Ukungu ukapasuka. Papa Foto akasema, "Meno ndani," akapiga mara tatu. Mwanga ulikuwa ule ule aliokuwa akiusifu. Niliona kila kitu usoni mwa wale watu: kovu kwenye nyusi, jicho lenye chongo, ndevu chache za yule mdogo.

Mkubwa alinyoosha kiganja. "Karte."

Papa Foto akatoa kadi ya kamera, akampa. Yule aliitia kwenye pindo la kitenge chake, akakaza fundo. Kisha akasogea hadi pua zao zikakaribiana.

"Picha ni yetu, tumeichukua. Sasa ile iko mu kichwa yako, tutafanya nayo nini?"

"Mi sura hazinikai," Papa Foto alisema. "Nasahau haraka. Uulize huyu mama."

"Anasahau," nikasema. "Hata mimi ananisahau."

Walicheka, wote isipokuwa mkubwa. Alisema, "Siku moja tutakujaribu," wakaingia kwenye ukungu kwa njia ile ile waliyotokea.

Kijijini tulifika saa nane. Zilikuwa nyumba za turubai kati ya misingi iliyoungua. Nilikaa na wembe, nikafumua mishono yangu mwenyewe, naye akazitoa picha na kuziita: kilemba cha manjano, ubatizo, wachungaji watatu, Pasaka. Wanawake walizipokea kwa mikono miwili. Mmoja aliiweka yake kwenye shavu. Zilipoitwa nyingine hakuna aliyejibu, na watu walitazamana, kisha mtu akasema chini chini, "Hao bote, hapana tena." Hizo aliziweka kando, zikawa rundo kubwa kuliko nilivyotaka kuona. Mwishowe mchungaji wao akazichukua, akazifunga kwenye kitambaa cha meza ya Bwana.

Picha ya mwisho aliitoa mwenyewe kwenye kifua cha kabuti. Ilikuwa ya arusi ile ya suti ya kahawia, nakala ndogo. Mama wa yule kijana alikuwa amekaa mlangoni pa turubai tangu tufike. Papa Foto alipiga goti mbele yake.

"Mama, ni mi niliitundika mulangoni. Bameiiba kwangu."

Mama aliitazama picha bila kuigusa. Kisha akaichukua, akaigeuza uso chini juu ya paja lake, akaingia ndani. Alirudi na kikombe cha maziwa ya moto yanayotoa mvuke.

"Kunywa," alisema. "Umeganda."

Alikunywa akilia, na mama yule alisimama juu yake hadi kikombe kikaisha. Hakumwambia neno jingine, si la kusamehe, si la kulaani.

Tuliposhuka, kabuti lilikuwa jembamba kama gauni. Upepo ulipita ndani yake, naye alitetemeka njia yote hadi tulipoliona ziwa.

Hakukaa sana Baraka baada ya hapo. Bwana mmoja mwenye viatu safi alikuja studio, mchana kweupe, akazungumza naye kwa adabu. Nilisikia kupitia mbao. Alisema kuna watu wamekamatwa, hawataki kusema ni kina nani na wametoka wapi, na inasemekana yeye Papa ana kipaji. Aje tu awaangalie. Aonyeshe kwa kidole. Papa Foto alisema anaumwa macho. Bwana yule akampa pole, akasema atarudi Alhamisi. Siku iliyofuata alikuja mwingine, mwenye lafudhi nyingine, na ombi lile lile kuhusu watu wengine. Jumatano studio haikufunguliwa. Ndani walikuta kiti na pazia la rangi ya samawati. Watu walisema yuko kambini Lusenda, amejichanganya na wakimbizi wa Burundi. Wengine walisema ziwa limemchukua. Bwana wa viatu safi aliniuliza mara mbili, nami nilimwambia kwamba fundi hajui ya wateja.

Mwaka jana nilikwenda Lulimba kuuza magauni kwa wake za wachimba dhahabu. Siku ya kurudi, pikipiki niliyokodi ilipata pancha kabla hata hatujatoka sokoni. Dereva aliisukuma hadi kwa mzibaji wa matairi, mzee aliyeinama juu ya beseni la maji, akitafuta tundu. Nilijua mgongo ule.

"Papa Foto!"

Hakuinua kichwa. Mapovu yalipanda kwenye maji. Dereva alikwenda kununua maji ya kunywa, na hapo tu mzee akasema, macho kwenye mpira:

"Usiite iyo jina hapa, Mama Fundi."

"Tulidhani umekufa."

"Ni vizuri mudhani hivyo." Alikausha tundu kwa shati lake. "Banapita hapa bote. Ba juu, ba chini, ba msituni. Bale sita, batatu nimeishabaona ku hii soko. Mi naangalia magurudumu na miguu tu. Mutu akisimama hapa, mi namujua kwa viatu, siinuki."

"Nao wamekuona?"

"Yule wa kitenge alileta pikipiki juma lililopita. Alikaa palepale umesimama. Hakusema kitu, nami sikusema kitu. Alipoondoka aliniambia, 'Kazi nzuri, Papa.'" Alikata kipande cha kiraka kwa meno. "Sikumwambia jina yoyote, na hapa bote bananiita muzee tu. Kwa nini aseme Papa?"

Nilimwambia twende, nitamficha kwangu, au kwa dada yangu. Alitikisa kichwa. Mtu anayehama mara mbili anatafutwa mara mbili, alisema. Kisha akauliza, "Na wewe, sura zao unazikumbuka?"

"Nimesahau zote."

"Vizuri. Uendelee hivyo."

Kovu kwenye nyusi, jicho lenye chongo, ndevu chache za yule mdogo. Sijasahau hata moja.

Dereva akarudi. Gurudumu likafungwa, likapigwa teke, likakubali. Nilipanda nyuma na mzigo wangu. Vijana wawili wenye makoti ya jeshi yasiyo na alama walikuwa wamesimama karibu wakila miwa, wakitutazama bila haraka. Dereva akawasha, kisha akageuza shingo, akauliza kwa sauti ya kushinda injini:

"Mama, ule muzee unamujua? Naona mulikuwa munaongea."

Wale wawili waliacha kutafuna.

"Hapana," nikasema, kwa sauti kubwa kama yake. "Simujui. Aliniuliza bei ya gauni."

Papa Foto alikuwa amekwisha kuinama juu ya tairi jingine. Alinisikia. Niliona kichwa chake kikiitikia mara moja, polepole, kama mtu aliyejibiwa vizuri, na pikipiki ikaondoka.